Kati ya "Nimetuma" na "Imeingia"

Nenda sokoni Wote msimu wa maembe, au Kitui mjini siku yoyote ya soko, umsikie mnunuzi akimwambia mwenye mali, "Nimetuma." Mwenye mali hafungi mfuko. Anatazama simu yake na kusubiri, mpaka aseme yeye mwenyewe, "Imeingia." Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wachuuzi wetu wameujua umbali ulioko kati ya maneno hayo mawili bila kufundishwa na mtu. "Nimetuma" ni habari ya kidole cha mnunuzi. "Imeingia" ni habari ya mfuko wa muuzaji. Katikati kuna mtandao unaokatika, salio lisilotosha, namba ya siri iliyokosewa, na mara nyingine ujanja. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya watu ambao kazi yao ni kuifundisha mashine umbali huo huo, na juu ya maandishi wanayoyasoma ili waifundishe. Ni maandishi ambayo wengi wenu hamtayaona maishani, lakini yakiandikwa ovyo gharama yake inafika hadi Ikutha na Kathonzweni.

Programu ya duka ikitaka kumdai mteja pesa, haiingii ndani ya M-Pesa ikajichotea. Inabisha mlangoni, inaeleza haja yake kwa maneno yaliyopangwa, inajibiwa kwa maneno yaliyopangwa. Mlango wa namna hiyo wataalamu wanauita API, na Safaricom iliufungua wa kwake kwa wanaprogramu mwaka 2017 kwa jina ambalo, angalau safari hii, halikuokotwa ng'ambo: Daraja. Kila mlango kama huu, uwe wa kampuni ya simu, wa benki au wa serikali ya kaunti, una mwongozo wake mtandaoni. Mwongozo unasema: sehemu hii ijaze hivi, ile ijaze vile, na ukijibiwa namba fulani ujue kumetokea jambo fulani. Kwa mwanaprogramu aliyeajiriwa Nairobi, mwongozo ni msaada mmoja kati ya mingi, maana akikwama anamgeukia aliye meza ya pili. Kwa kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, akarudi kwao Mwingi kuyatengenezea maduka programu za mauzo, mwongozo ndio mwalimu, ndio mkataba, na siku ya ugomvi ndio shahidi. Hana mwingine.

Maandishi haya huharibika kwa njia mbili, na hoja yangu yote inasimama juu ya tofauti iliyopo kati yake. Kuna kosa, na kuna utata. Kosa ni mwongozo kusema jambo lisilo kweli, au kuliandika jambo visivyo. Utata ni mwongozo kusema jambo la kweli ambalo wasomaji wawili wenye akili timamu wanaweza kulielewa kwa namna mbili. Kwa kawaida tunaliogopa kosa na kuuvumilia utata. Nadhani tumeyapindua mambo kichwa chini miguu juu. Kosa hujitangaza lenyewe, tena mapema. Utata hukaa kimya mpaka pesa za mtu zipotee.

Nianze na kosa, kwa kuwa ndilo jepesi. Katika Daraja, programu ikitaka kuyarudisha malipo yaliyokwenda kusiko, kuna sehemu ya kutaja aina ya mpokeaji. Neno la Kiingereza la mpokeaji huandikwa kwa e kutangulia i. Daraja limeliandika kwa i kutangulia e: RecieverIdentifierType. Mwalimu wa Kiingereza angelipiga mstari mwekundu, lakini hilo ndilo jina ambalo mlango unalitambua, kwa hiyo anayeliandika kwa usahihi ndiye anayekosea. Wala si aibu ya Safaricom peke yake. Kanuni za HTTP, zinazoendesha kurasa za mtandao dunia nzima, zina neno Referer lililopungukiwa r moja. Lilichapishwa hivyo katika kanuni za mwaka 1996 na hadi leo limebaki hivyo, kwa sababu mamilioni ya programu yamekwisha kujengwa juu yake. Kosa likishaingia ukutani hugeuka tofali. Je, madhara yake ni yapi? Ni madogo mno. Mwanaprogramu anajaribu, ombi linagoma, anatazama herufi kwa herufi, anacheka au anatukana, anaendelea na kazi. Nusu saa imekwenda, lakini hakuna mteja aliyeguswa.

Sasa linganisha na sifuri. Programu ya duka ikiomba mteja atokezewe dirisha la kuweka PIN kwenye simu yake, Daraja linajibu papo hapo. Ndani ya jibu kuna sehemu iitwayo ResponseCode yenye thamani 0, na karibu yake maneno ya Kiingereza ambayo kwetu ni kama kusema: mafanikio, ombi limekubaliwa lishughulikiwe. Wakati huo mteja huenda hata simu hajaitoa mfukoni. Baadaye kidogo jibu la pili linakwenda kwenye anwani ambayo duka liliitaja, nalo lina sehemu iitwayo ResultCode. Ikiwa ni 0, malipo yamekamilika. Ikiwa ni 1, salio halikutosha. Ikiwa ni 1032, mteja amelikataa ombi. Ikiwa ni 1037, simu haikupatikana au mteja hakujibu. Sifuri ya kwanza ni "nimetuma". Sifuri ya pili ni "imeingia". Sura ni moja, na majina yenyewe, ResponseCode na ResultCode, ni kama mapacha waliovishwa sare. Tena katika mifano ya mwongozo sifuri ya kwanza imefungwa ndani ya alama za mtajo, yaani imeandikwa kama neno, na ile ya pili imeachwa wazi kama tarakimu. Jicho la binadamu linairuka tofauti hiyo, lakini mashine haiiruki.

Chukua duka la pembejeo Mutomo, mwanzoni mwa Oktoba, watu wote wakikimbizana na mvua. Mkulima aliye mbali anaagiza mbegu za ndengu aina ya N26 kwa simu. Yuko bondeni, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na haraka ya kukaa. Programu ya duka imeisoma sifuri ya kwanza, ikachapisha risiti, na mbegu zimeshapakiwa kwenye bodaboda. Jibu la pili linapofika ni 1037. Mwenye duka ametoa mali bila kulipwa. Au tuseme programu ni ya mtu mwangalifu zaidi, anayesubiri jibu la pili kabla ya kutoa risiti, lakini seva ya duka ilizimika dakika mbili na jibu likapotea njiani. Programu inahesabu kwamba malipo yameshindikana, inamdai mkulima upya, naye kwa hofu ya kukosa mbegu anaweka PIN mara ya pili. Safari hii aliyeumia ni mkulima. Jibu likikosekana maana yake ni "sijui", na wala si "hapana", na dawa yake ni kuuliza tena hali ya muamala ule ule kabla ya kudai tena. Nafasi ya kuuliza hivyo ipo ndani ya Daraja. Lakini ipo kwenye ukurasa mwingine, na anayesoma ukurasa wa kudai hana sababu ya kujua kwamba bila ule wa pili kazi yake ni nusu.

Je, mwongozo ulidanganya? Haukudanganya. Unaeleza kwamba matokeo yatafuata baadaye. Chambua sentensi moja moja, zote ni za kweli. Na ndiyo sababu majaribio hayakuonyesha kitu. Siku ya kujaribu, mwanaprogramu mwenyewe ndiye mteja: simu iko mkononi, mtandao upo, pesa zipo, PIN anaikumbuka, na sifuri zote mbili zinakuja zikifuatana kama vifaranga. Programu inaonekana nzima. Kosa la tahajia lingekamatwa siku hiyo hiyo. Utata hufaulu mtihani, huvuka hadi sokoni, na huko humkuta mtu wa tatu ambaye mwongozo hakuuandika wala hakuusoma. Kwa hiyo hawa wanaosema mwanaprogramu hodari hahitaji maelezo marefu, ajaribu mwenyewe ataona, wamekosea mahali pamoja muhimu. Kujaribu kunamwambia kilichotokea leo, kwenye simu yake. Kilichoahidiwa kesho kwa simu ya mtu mwingine kinajulikana kwa kuandikwa tu.

Utata una mlango mwingine wa kuingilia, nao ni mfano. Kila mwongozo una maelezo na una mfano, na kati ya viwili hivi mfano ndio unaotawala, kwa kuwa ndio unaonakiliwa. Mfano maarufu wa ombi la malipo katika Daraja unatumia namba ya majaribio 174379. Namba hiyo imeandikwa mahali pawili, kwenye sehemu ya namba ya biashara na kwenye sehemu ya anayepokea pesa. Ni sawa kabisa, kwa sababu mfano ni wa Paybill, na kwa Paybill namba hizo mbili ni moja. Mwenye duka Emali anayetumia till ana namba mbili tofauti, ya duka na ya till, na kila moja ina mahali pake. Anayenakili mfano kwa uaminifu anakwama, na hajui amekwamia wapi, maana amefuata mwongozo neno kwa neno. Vivyo hivyo namba za simu. Kwa miaka mingi kielelezo kilikuwa 2547 kikifuatwa na X nane, na wanaprogramu wakakigeuza sheria: namba isiyoanza hivyo ikataliwe. Mwaka 2019 laini za 01 zikaingia sokoni, na watu wenye laini halali wakajikuta wakiambiwa na tovuti kwamba namba zao hazipo. Hakuna mwongozo uliokuwa umeandika "usikubali 01". Kielelezo kilisema hivyo kwa niaba yake.

Na kuna namba 2001. Katika ombi la malipo la kumtokezea mteja dirisha, maana yake ya kawaida ni kwamba mteja amekosea PIN. Lakini maneno yanayoambatana nayo yanasema taarifa za mwanzilishi si sahihi. Mwanzilishi yupi? Kwingineko ndani ya Daraja, katika huduma kama ya kurudisha pesa au kulipa mishahara, mwanzilishi ni mtumishi wa biashara aliyepewa ruhusa ya kuendesha akaunti. Mwanaprogramu mwenye bidii atakesha akikagua nywila za biashara, hali tatizo lote ni kidole cha mteja kilichoteleza kutoka 4 kwenda 5. Neno moja limepewa watu wawili, kama jina la babu linavyopewa wajukuu kadhaa, ila katika ukoo tunaongeza la baba ili tuwatofautishe.

Wapo watakaosema tatizo ni Kiingereza: mwongozo utafsiriwe kwa Kiswahili, na ikiwezekana kwa Kikamba, na mambo yatanyooka. Nakubaliana nao nusu. Tafsiri ya maandishi yenye utata huzaa utata wa pili. Lakini kazi yenyewe ya kutafsiri ni kipimo kizuri ajabu, na nitaeleza kwa nini. Lile neno la kwanza kwenye jibu, Success, kwa Kiingereza linasimama peke yake wala halidaiwi mwenyewe. Kwa Kiswahili huwezi kusema "-mefaulu" ukanyamaza, kwa sababu kitenzi kinadai kiambishi. Ni limefaulu, yaani ombi? Ni yamefaulu, yaani malipo? Sarufi yetu inambana mwandishi aamue kabla hajamaliza neno. Mtu aliyelazimika kuandika "ombi limepokewa" asingeweza kumfanya msomaji afikirie "malipo yamepokewa", kwa sababu li na ya haziwezi kuchanganywa hata na mtoto wa darasa la pili.

Haki itendeke pande zote, maana mahali pengine Kiswahili chetu ndicho kinachoteleza. Daraja lina huduma ya kuiarifu biashara mteja anapolipa mwenyewe kwa Paybill, na huduma hiyo inataka anwani mbili: moja inaitwa ya Validation, nyingine ya Confirmation. Mtafsiri wa haraka akikimbilia kamusi ataandika "uthibitisho" mara zote mbili, na kuwa amezika tofauti ambayo ndiyo kiini cha huduma. Anwani ya kwanza inauliza: malipo haya niyakubali, au namba ya akaunti haipo? Ya pili inaarifu: nimeyakubali, haya hapa. Ya kwanza, tena, haifanyi kazi mpaka biashara iombe iwashwe, na asiyejua hilo atasubiri swali ambalo halitaulizwa kamwe. Mtafsiri mwaminifu hapa hawezi kuendelea bila kumrudia mwandishi na kumuuliza. Kuuliza huko ndiko ninakokutafuta. Sentensi isiyoweza kuhamishwa lugha bila maswali haikuwa imekamilika katika lugha yake ya kwanza, na ningefurahi kampuni zetu ziajiri watafsiri hata kama hazitachapisha tafsiri zao.

Msidhani haya ni mambo ya pesa za simu pekee. Makueni, wakati wa gavana Kivutha Kibwana, ilifungua mwaka 2019 tovuti ya zabuni za wazi, ambapo mwananchi anaweza kufuata mradi tangu unapopangwa hadi unapolipwa. Data yake imepangwa kwa kanuni ya kimataifa iitwayo Open Contracting Data Standard, iliyotolewa kwanza mwaka 2014. Jiulize swali linaloonekana la kitoto: bei ya bwawa la kijijini ni shilingi ngapi? Tuseme bajeti ilitenga milioni 10, zabuni ikatangazwa kwa milioni 9, mshindi akaomba milioni 8, mkataba ukatiwa saini ukiwa milioni 8 na nusu baada ya kuongezwa uzio, na hadi leo zimelipwa milioni 3 kwa kuwa kazi haijakwisha. Kiasi kipi ndicho bei? Vyote vitano ni vya kweli. Mwandishi wa habari akichukua cha kwanza na kukilinganisha na cha mwisho, atatangaza kwamba milioni 7 zimeliwa, na hakuna hata shilingi iliyoguswa. Akichukua cha tatu na cha nne bila kujua habari ya uzio, ataona wizi mwingine. Na mwizi halisi akitokea, atajificha humo humo, katika neno "bei" lisilosema bei ya nini.

Kanuni hii imejibuje? Kila kiasi kimepewa nyumba yake. Cha bajeti kinakaa kwenye mpango, cha zabuni kwenye zabuni, cha mshindi kwenye tuzo, cha mkataba kwenye mkataba, na malipo yanakaa kwenye utekelezaji, kila kimoja kikiwa na ufafanuzi wake. Tarehe nazo zinaandikwa kwa mpangilio mmoja, mwaka kwanza, mwezi, kisha siku, ili tarehe 3 mwezi wa 4 isije ikasomwa na mtu wa Marekani kuwa tarehe 4 mwezi wa 3. Lakini kinachonivutia zaidi ni namna inavyojisahihisha. Toleo la kwanza lilikuwa na nafasi moja ya kueleza marekebisho ya mkataba, na mtu yeyote aliyewahi kuona ujenzi wa umma anajua kwamba mikataba hurekebishwa mara nyingi. Toleo la 1.1, la mwaka 2017, likaweka nafasi ya orodha ya marekebisho. Ile ya zamani haikufutwa usiku watu wakiwa wamelala. Iliwekewa alama kwamba inastaafu, mbadala wake ukatajwa, na badiliko likaandikwa kwenye daftari la mabadiliko ambalo kila mtu analisoma. Aliyejenga juu ya ile ya zamani hakuangukiwa na nyumba.

Nipite haraka kwenye mvua, kwa kuwa tuko Ukambani na hatuwezi kuzungumza nusu saa bila kuitaja. Nyaraka za kitaifa huita mvua za Machi hadi Mei "ndefu" na za Oktoba hadi Desemba "fupi". Mwanaprogramu asiyetujua, akivuta data hiyo kutengeneza huduma ya ushauri kwa wakulima, atadhani mvua ndefu ndiyo kuu. Kitui na Makueni wanategemea zaidi ile inayoitwa fupi. Jina ni sahihi kwa kalenda, na shamba linapotea. Sentensi moja kwenye mwongozo wa data ingetosha. Na tukiwa hapo hapo, saa: mtu akisema saa 2 ni asubuhi ya kwetu au ni usiku wa manane wa seva iliyo Ulaya? Tumezoea kucheka jambo hili na wageni, lakini mwongozo unaoomba saa bila kusema ni saa ya wapi unafanya kichekesho hicho hicho kwa uso mkavu.

Rafiki zangu wa kompyuta wana pingamizi jingine, tena zuri. Wanasema maarifa haya yote yapo, ila hayako kwenye mwongozo: yako kwenye vikundi vya WhatsApp na Telegram, kwenye video, kwa wakubwa wa kazi. Anayetaka atapata. Ni kweli, na ukarimu wa wanaprogramu wa Kenya katika kusaidiana si wa kubezwa. Lakini tazama umbo la maarifa hayo. Hayana tarehe. Video ya miaka sita iliyopita inaendelea kutazamwa na kufuatwa hata baada ya mlango kubadilishwa bawaba. Hayana mwenyewe, kwa hiyo likitokea baya hakuna wa kuuliza. Na yanagawanyika kwa ujirani: aliye ndani ya kikundi anajua, aliye Tseikuru na simu yenye bando la shilingi 20 hajui kwamba kikundi kipo. Mwongozo ndio mahali pekee ambapo wa Nairobi na wa Tseikuru wanasoma ukurasa mmoja. Ukiuacha na mashimo, ukayaziba mashimo hayo kwenye mazungumzo ya faragha, umegeuza elimu ya wazi kuwa mali ya wanaojuana.

Pingamizi lililonisumbua zaidi ni la urefu. Ukiondoa kila utata, wanasema, mwongozo utakuwa kama hati ya mawakili: hautakosewa kwa kuwa hautasomwa. Hapa sina budi kukiri kwamba nimeona maandishi ya namna hiyo yanavyochosha. Mtu anayejaza ukurasa kwa tahadhari anaficha ile moja iliyo muhimu. Kwa hiyo sidai kila neno lifafanuliwe. Nadai ufafanuzi uwekwe palipo na kitu kisichorudi: pesa, jina la mtu, mali iliyokwisha kupakiwa, tarehe ya mwisho ya zabuni. Na uwekwe hapo hapo, kando ya namba yenyewe, usipelekwe kwenye ukurasa wa mbali wa maswali yaulizwayo mara kwa mara. Onyo lililo kurasa tatu mbele halina tofauti na kibao cha "daraja limebomoka" kilichosimikwa ng'ambo ya pili ya mto.

Kuhusu gharama, hesabu ni nyepesi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Si wote wanaonunua kwa programu, lakini programu moja ya mauzo inaweza kuhudumia maduka mengi, na duka moja wateja wasiohesabika. Sentensi inayoandikwa kwa dakika 10 inasomwa na mtu mmoja, na kupitia mikono yake inawafikia maelfu ambao hawatajua kwamba iliwahi kuandikwa. Kaunti zetu nazo zinanunua mifumo ya kukusanya ushuru na ada za vibali kwa pesa za umma. Katika kupokea kazi, hukaguliwa kompyuta, hukaguliwa skrini, hukaguliwa risiti. Ningependa pia kuona afisa wa kaunti akikataa kutia saini mpaka apewe mwongozo, na mpaka mtu ambaye hakuujenga mfumo huo ameusoma na kueleza kila namba maana yake bila kumpigia simu aliyeujenga. Mkandarasi akiondoka, na huondoka, mwongozo ndio unaobaki ofisini.

Na marekebisho yenyewe yawe ya wazi. Kampuni nyingi, zikigundua kosa, hulifuta kimyakimya na kuandika jipya mahali pake. Zinadhani zimetengeneza. Kumbe zimetoa utata mmoja na kuweka mwingine, kwa sababu sasa wapo waliosoma la jana na waliosoma la leo, na hawajuani. Anayerudi kuangalia kwa nini programu yake imekataa hukuta mwongozo unamkana. Marekebisho yanahitaji tarehe, maneno ya zamani, maneno mapya na sababu. Yanahitaji mahali ambapo msomaji wa Kyuso anaweza kuandika "hapa sijaelewa", na mtu mwenye cheo cha kazi hiyo amjibu, hata akimwambia kwamba yeye ndiye aliyekosea kusoma. Wawili wakikosea kusoma sentensi ile ile kwa namna ile ile, basi tatizo halipo kwa wasomaji.

Lile jina lililoandikwa kwa i kutangulia e halihitaji kunyooshwa. Limekwisha kuwa tofali, na kuling'oa kutaangusha ukuta wa watu. Linahitaji mstari mmoja tu kando yake: jina hili limeandikwa hivi makusudi, linakili lilivyo. Na kando ya sifuri ya kwanza uwepo mstari wa pili: mteja hajalipa bado, usitoe risiti.